Hotpoti ya Watu Wanne

Tegueni hiki: kinatoka kimejaa, kwao hakirudi. Ni lile kasha jeupe la povu la kubebea chakula. Kwa miaka sita Fundi Saa alinunua moja kila mchana kwenye mgahawa wa Mama Mwiko, akalifungua juu ya meza yake ya kazi, akala katikati ya saa zilizokufa na zile zinazopumua bado, kisha akalitupa. Kasha moja, mlaji mmoja. Hakuna aliyemuuliza neno.

Halmashauri ikaja kuyapiga marufuku makasha hayo. Yanaziba mitaro, walisema, na hayaozi. Mama Mwiko akabandika karatasi dirishani: kila mtu aje na chombo chake.

Fundi Saa akapekua jikoni. Chombo chenye kifuniko kilikuwa kimoja tu, hotpoti ya marehemu mkewe, pana kama beseni, iliyokaa juu ya kabati tangu msiba. Akaipangusa vumbi, akaenda nayo.

"Babu, leo umetuletea ngoma?" Mama Mwiko akasema, mwiko uko hewani. "Kwani mko wangapi?"

Foleni ilikuwa ndefu. Dereva wa lori aliyesimama nyuma yake akacheka. Fundi Saa akahisi masikio yanawaka moto.

"Wanne," akajibu.

Wanne ndio waliokuwa zamani: yeye, mkewe, binti yao na mtoto wao wa kiume. Mdomo ulitaja nyumba ile ya zamani kabla hajawahi kuufumba.

Mchana akala akashiba, wali uliobaki ukamtazama vilevile. Jioni akala tena. Kesho yake Mama Mwiko akamuuliza, "Wajukuu wanakula pilipili?"

"Mdogo ndiye hawezi."

Basi mdogo akatengewa mchuzi wake pembeni, kwenye kikombe. Fundi Saa akaubeba uongo wake mpaka nyumbani, ukiwa bado wa moto.

Sasa, mtu aliyezoea kutupa kasha hana mazoea ya kuosha chombo. Siku ya nne alikuwa ameinamia saa ya ukutani tangu asubuhi, njaa ilipombana akanyakua hotpoti kama ilivyo. Mama Mwiko akafunua. Wali wa jana umejaa, umechimbwa kona moja tu kama amepita panya. Kikombe cha mdogo kimo humo humo, hakijaguswa.

Dereva akanyoosha shingo. "Kuna nini humo?"

"Njaa yako," Mama Mwiko akamjibu, akafunika haraka.

Akaingia ndani. Maji yakasikika yakimwagika. Aliporudi, hotpoti ilikuwa safi, tupu, na juu yake bakuli dogo la bati lenye kifuniko, la moto.

"Bakuli ni langu, babu. Nalitaka kesho."

Akaitikia kwa kichwa.

Chakula kile kilimtosha sawasawa, na hapo ndipo palipomuuma. Jioni akairudisha hotpoti juu ya kabati, akaisukuma mpaka ikagonga ukuta. Bakuli akaliosha mara mbili, akalikausha kwa kitambaa cha kufutia vioo vya saa.

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu vilevile, na dereva wa lori yupo. Zamu yake ilipofika, Mama Mwiko akalipokea bakuli, akachota, hakuuliza kitu. Fundi Saa akajibu hata hivyo, kwa sauti ya kufika nyuma.

"Mmoja. Ni mimi tu, mwanangu."