Maziwa kwa Vifaranga

Deka alimshika kifaranga, akamfuta nyuma kwa kitambaa cha maji vuguvugu, taratibu, maana ukivuta kinyesi kikiwa kikavu unamchuna ngozi. Kinyesi kilikuwa kimekauka na kuziba njia yote, kama uji uliogandia sufuriani. Kilipobanduka, kifaranga alijisaidia papo hapo kiganjani mwake. Deka akamshukuru Mungu, akampaka mafuta ya mgando, akamshika mwingine.

Jana aliwasafisha hawa hawa. Leo wameziba tena, na wengine wameshakufa.

Mama mkwe wake alisimama mlangoni akimtazama kwa uso wa mtu aliyekanyaga uchafu. Shurie alikulia nyuma ya ngamia huko Ijara, na kuku kwake hakuwa mfugo hata kidogo. Aliapa kwamba nyama yake haitapita kooni mwake.

"Wakiisha kufa, unafungasha," alisema. "Nuh amekubali. Utakwenda Masalani malishoni, kwa wanyama, kama wake wengine wa ukoo huu."

Nuh alikuwa amekubali kweli. Mume gani huyo, asiyeweza kumkatalia mama yake hata kikombe cha chai! Deka alizaliwa hapa hapa Garissa mjini, hakuwahi kukama ngamia, na mradi huu wa vifaranga ndio uliokuwa njia yake pekee ya kubaki. Alimchukia yule mama, akamchukia mpaka namna alivyokohoa.

Akamwita jirani, Mwalimu Wahu, aliyemuuzia vifaranga. Wahu aliinua mmoja, akamnusa nyuma, akakunja pua.

"Unawapa nini?"

"Chakula chao na maji tu, wallahi."

"Basi kuna mtu anawapa kitu kingine."

Hilo lilimtosha Deka. Alitangaza kwa sauti kubwa kwamba anakwenda sokoni, akatoka na Wahu, wakazunguka nyuma ya ua na kusimama kwenye mwanya wa mabati. Hawakungoja sana. Shurie alitoka chumbani na bakuli, akatazama huku na huku, akainama bandani.

Deka aliingia kama moto.

"Sumu! Nimekushika! Mwalimu, wewe ni shahidi, mama huyu anawapa sumu kuku wangu!"

Majirani walichungulia juu ya ua. Shurie alisimama wima, bakuli mkononi. Ndani mlikuwa na maziwa ya ngamia, meupe, na unyoya mmoja ukielea.

"Sumu?" Alisema kwa Kiswahili, makusudi, ili Mwalimu asikie. "Maziwa wewe naita sumu? Hii watoto nalia mchana yote, hakuna mama. Kwetu mtoto ya kulia hanyimwi maziwa, hata kama ni ya hii takataka yako."

"Mama Nuh," Wahu alisema polepole, "tumbo la kifaranga haliwezi maziwa. Yanamharisha, halafu kinyesi kinaganda na kumziba."

Shurie hakumtazama. Alimnyooshea Deka bakuli. "Kunywa."

Deka aliona unyoya, akaona alama za miguu michafu ya vifaranga ukingoni. Akarudi nyuma.

"Sawa. Kama ni sumu, mimi nakufa hapa hapa mbele yenu."

Shurie akalinywa lote, na unyoya wake, na uchafu wake, mpaka tone la mwisho. Akaliweka bakuli chini, akajifuta mdomo. Wahu alitazama ardhi. Ng'ambo ya ua mtu alinong'ona astaghfirullah, na Deka alijua aliyekuwa akiombewa msamaha si Shurie, ni yeye. Maziwa hayo hayo ndiyo yaliyomlea Nuh. Katika ukoo huu mtu anaweza kutukanwa kwa mengi akasamehe, lakini si maziwa yake kuitwa sumu.

Shurie sasa alirudi kwa Kisomali, sauti yake ikiwa shwari kabisa.

"Baki na kuku wako. Nyumba ambayo maziwa yangu ni sumu silali. Masalani nitakwenda mimi."

Alikuwa mzee, magoti yalikuwa yamekwisha, na huko malishoni jua halina huruma. Deka aliyajua yote hayo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na neno la kuomba radhi likamfika kooni. Alisema, "Hooyo," kama mtu anayemwita mama yake mzazi, na Shurie akageuka, akangoja.

Lakini hasira ilikuwa imetangulia.

"Chukua na bakuli lako," Deka akasema.

Shurie aliinama kwa shida, akaliokota, akatoka. Vifaranga hawakuziba tena.