Jiwe kwa Jiwe

Mama unayesoma hii, kama mutoto wako anarudia nyumbani na udongo mweusi ndani ya kucha, na anakuambia alikuwa anasaidia rafiki kujenga nyumba, usikubali. Kwenye kujenga hakuna udongo wa namna ile. Ule ni wa shimo.

Mimi bananiita Mama Dieumerci, juu ni yeye mutoto wa kwanza, alinifungua tumbo. Babu yake alifanya kazi ya reli, baba yake, bwana yangu Lucien, vilevile, mpaka kazi ikaisha. Tunakaa ku Annexe, pembeni ya muji. Nyuma ya mashamba yetu kuko kilima, bachimbaji ba madini bamekitoboa kama sombe, majani ya muhogo, yenye kuliwa na badudu. Asubuhi, kabla Dieumerci hajatoka, nilikuwa namuwekea alama ya musalaba kwenye paji na maji ya baraka. "Mungu atakulinda." Naye anacheka: "Mama, hata Mungu akishuka mule, atainama kwanza."

Mama, usibariki kitu ulipaswa kukataza.

Mvua ilinyesha usiku muzima, na asubuhi kilima kikashuka. Chini balikuwa babili, mutoto wangu na mwenzake Osée. Osée balimutoa jioni, roho imekwisha kutoka. Dieumerci alikuwa mbele zaidi.

Bachimbaji iko na sheria yao. Kama udongo umekufunika na ungali muzima, unagonga jiwe kwa jiwe. Bale ba juu banatega sikio. Bakisikia, banachimba, hakuna kulala. Siku ile ya kwanza kila muntu alisikia, hata mimi kwa mbali: to, to, to, kisha kimya, kisha to, to, to. Banaume balipiga kelele kama timu yao imefunga goli. Chishimba, mukubwa wa kikundi, yeye banamuita PDG, sawa mukubwa wa kampuni, hata kama viatu vyake havifanani, akaniambia: "Mama, mutoto wako iko anatuita bavivu!"

Mwanamuke hakaribii shimo. Banasema akikaribia, madini inakimbia. Kwa hiyo niliketi mbali juu ya mifuko tupu, pamoja na Mama Germaine. Mutoto wake Kalenga alikuwa rafiki wa Dieumerci. Ni mwembamba, ndiyo maana yeye balimuingiza wa kwanza mu njia mupya balichimba kumufikia, banene habakupita. Tulisali rozari. Germaine aliitikia muzuri, lakini kila mara udongo ulipoanguka, alikata Salamu Maria katikati.

Kesho yake mvua ilirudia, na kugonga hakukusikika tena. Nilisimama, nikaenda mpaka kwenye mudomo wa shimo. Hakuna muntu alinifukuza. Hapo nikaelewa. Kama hata madini habaiogopei tena, basi baliisha kumulilia mutoto wangu ndani ya mioyo yao.

Nikalala kifudifudi, sikio kwenye udongo.

"Anagonga," nikasema.

Chishimba akalala kando yangu, uso kwa uso, sawa batoto banacheza.

"Mi sisikie kitu, mama."

"Tega muzuri."

"Ni maji inashuka."

"Maji haigongi tatu tatu, Chishimba."

Kalenga akatoka mu njia, mwili muzima matope. "Mbao zinalia kule mbele," akasema. "Zinapinda."

Moja wao, Alexis, akasema: "Tukiendelea, tutazika batatu kwa ajili ya moja."

"We nyamaza," mwengine akamujibu. "Tangu jana unaogopa. Hata sahani ya bukari unaiingia na musaada."

Hakuna alicheka sana. Chishimba akasimama mbele yangu, kofia mu mukono. "Hapa kwetu, mama ya mwenye kuwa chini ndiyo anasema. Mama akisema, imesemwa. Tuchimbe ao tufunge?"

Nikamutazama Lucien. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikamutazama Germaine. Alikuwa amefungua kikwembe chake, anamupangusa Kalenga matope ndani ya masikio, kama mutoto anayepelekwa misa.

"Mama, banaona," Kalenga akanung'unika.

"Acha baone."

Hakuniangalia hata kidogo. Kama angeniomba, labda ningemukatalia.

Nilimuomba Mungu kitu kimoja. Sikumuomba mutoto. Nilimuomba amugongeshe mara moja tu, kwa nguvu, bote basikie. Banaume baliweka majembe chini. Hata mvua ilikatika. Tulingoja. Hakuna kitu.

Na nakuambia ukweli, mama: mimi peke yangu nilikuwa nasikia bado.

"Fungeni," nikasema.

"Mama, nimesikia muzuri?" Chishimba akauliza.

"Fungeni. Kalenga asirudie mule."

Bakafunga. Katekista akaja kusimamisha musalaba juu ya udongo. Chini kuko mutoto wangu, lakini sijui kichwa kiko upande gani.

Sasa siku ya Yenga, siku ya misa, tukisali Nasadiki, nikifika "nangojea ufufuko wa wafu", mudomo unasimama. Zamani nilipita pale mbio, nawaza chungu nimeacha kwenye makala ya moto. Leo najua kungoja ni nini. Ni kuweka sikio kwenye udongo, bantu bote banakuambia hakuna kitu, na wewe unasikia. Padri anasema hilo ni tumaini. Nilimujibu, "Kama ni hilo, Padri, halibembelezi." Ninaenda misa bado. Sina pengine pa kwenda nalo.

Germaine anaketi kando yangu kila mara. Bananiita bado Mama Dieumerci, na yeye analitaja jina lile polepole, kama kitu kinaweza kuvunjika.

Juma iliyopita Kalenga alipita kunisalimia. Amenunua shati mupya. Nilimuuliza anafanya kazi gani.

"Nasaidia rafiki kujenga, mama."

Nikamushika mukono, nikaugeuza kwenye mwangaza wa mulango. Ndani ya kucha, mweusi.

"Ni kilima kingine," akasema mbio mbio. "Kile ni kigumu, hakiwezi kushuka."

Aliinamisha kichwa, anangoja nimuwekee musalaba kwenye paji, sawa nilivyofanya kwa rafiki yake.

Sikumuwekea. Nilishika tu ule mukono, nikatuma mutoto wa jirani amuite Germaine, na nikakataa kuuachilia mpaka mama yake alipofika.