Mapigo ya Saa Saba Mchana

Binti alimfunga baba yake ile bangili ya mpira kwa mikono yake mwenyewe. Kwa ndani ilikuwa na kijitaa cha kijani kilichomulika ngozi na kuhesabu mapigo ya moyo kutwa nzima.

"Mwezi mmoja tu, Baba. Ikionekana kazi inakuumiza, unafunga kibanda. Tumekubaliana?"

"Na isipoonekana?"

"Itaonekana."

Mzee hakubisha. Alikuwa fundi saa kwa miaka thelathini na minane, na saa iliyosimama haibishiwi, inafunguliwa, inatazamwa.

"Jamani, leo saa imemvaa fundi!" alicheka mshona viatu wa kibanda cha pili.

Basi fundi akaendelea na kazi: lenzi jichoni, kibano mkononi, pumzi taratibu. Kila ilipogonga saa saba mchana, simu ililia.

"Baba, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Dawa?"

"Nimemeza."

"Mbona sauti iko chini? Umeinama tena, sio? Utakuja kufia juu ya hicho kimeza!"

Simu ikikatika, skrubu iliyokuwa kwenye kibano huwa imeshaanguka, naye hupiga magoti kuitafuta.

Mwezi ulipokwisha, binti alimpeleka kwa daktari, na karatasi za vipimo vya bangili kwapani. Kila mahali moyo ulipopanda alikuwa amepiga mstari mwekundu.

Daktari alizipanga mezani, akazisoma bila haraka. "Asubuhi, sitini na mbili. Sitini na moja. Hapa ulikuwa umelala, Mzee?"

"Hapo nilikuwa natia springi nyembamba kama unywele."

"Hm. Halafu saa saba, mia na kumi na nane. Kila siku, isipokuwa Alhamisi moja. Saa saba huwa unafanya nini?"

Fundi aliinamia viatu vyake. Alikuwa amelijua jibu tangu wiki ya kwanza, lakini mtu hamwaniki mwanawe mbele za watu.

Aliyejibu ni binti.

"Alhamisi ile," alisema polepole, "simu yangu iliharibika."

Kibanda hakikufungwa. Daktari alishauri simu zipungue, na binti, kwa aibu, akaapa kujirekebisha. Akajirekebisha kwa njia yake. Siku hizi, saa saba kasorobo, hutanguliza ujumbe: "Baba, usishtuke. Nakupigia baada ya robo saa." Fundi akiusoma huweka kibano chini, huzifunika skrubu kwa glasi, kisha hukaa akingoja, na moyo huanza safari yake dakika kumi na tano mapema.

Jana ujumbe haukuja. Saa saba ikafika, ikapita. Saa saba na nusu, bangili, ambayo bado hajaivua, ilisoma mia na thelathini. Mshona viatu alimwona fundi akisimama, akikaa, akisimama tena, mwishowe akiichukua simu na kupiga yeye mwenyewe.

"Mama," alisema, "umekula?"