Anayeitika kwa Niaba ya Eliseo

Simu ilipopigwa kutoka ofisi ya maji ya jimbo, mama alinipa mimi nisikilize, kwa kuwa ndimi msomi wa nyumba. Afisa, mwanamke mwenye sauti ya upole, alisema kampuni moja inayotaka kujenga nyumba huko chini mtoni imelalamika kwamba shamba la marehemu baba yangu halijanyweshwa kwa miaka minne mfululizo. Kwetu New Mexico, haki ya maji usiyoitumia kwa muda huo unaweza kunyang'anywa. Afisa angekuja kujionea siku ya kusafisha mfereji unaonywesha mashamba yetu, kwa sababu siku hiyo watu wa bonde zima huwapo.

Nilipomweleza mama, hakulia. Alisema tu kwamba babu zetu walikuwa wakinywesha shamba lile kabla ya hiyo serikali kufika, kisha akarudi jikoni kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Tangu baba afariki tuliishi Albuquerque, mama akisafishwa damu hospitalini kwa ugonjwa wa figo, mimi nikisoma chuo. Hakuna kati yetu aliyerudi kufungua lango la maji. Basi nilipofika kijijini, jioni ya kuamkia siku ya usafi, nilikuwa nimejiandaa kuona vumbi.

Nilikuta mitufaha ya baba iko hai, matawi yamejaa vichipukizi. Chini yake majani ya mifugo yalikuwa yanaanza kuota kati ya mashina makavu yaliyokatwa mwaka jana. Kwetu mvua hainyweshi mti. Mti ukiwa hai, kuna mtu ameshika koleo. Nilifuata kijia kilichokanyagwa na mabuti, kikanifikisha kwenye seng'enge ya jirani yetu, Mzee Belarmino Tafoya.

Baba na Belarmino hawakusemezana tangu niko shule ya msingi. Waligombana kwa sababu ya jiwe moja kwenye lango la maji ambalo kila mmoja alidai mwenzake amelisogeza. Baada ya hapo baba alikuwa akimsalimia mbwa wa Belarmino kwa jina na kumpita mwenye mbwa. Nikafikiri kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa kando ya mfereji angefikiri: huyu anaiba maji yetu. Na kesho, mbele ya afisa, angesema maji ni yake kwa kuwa ndiye anayeyatumia. Nililala nikipanga maneno ya kumwambia, nikijua sitayasema. Mimi hata dukani naona haya kudai chenji.

Asubuhi watu walikusanyika na makoleo kwenye kichwa cha mfereji. Mama Eufemia, msimamizi wetu, hana uso wa kumwonea mtu haya. Alimwambia kijana wa familia ya Sandoval kwamba koleo lake linang'aa kama kijiko cha harusi, basi leo lioane na matope. Kisha akaanza kuita majina. Kwetu huitwa jina la shamba, yaani jina la mwenye shamba, awe hai au kaburini, na anayekuja kulifanyia kazi ndiye huitika. Shamba lisiloitikiwa halipati zamu ya maji mwaka huo.

"Eliseo Luján."

Nilifungua mdomo, sauti ikagoma.

"Yupo," akaitika Mzee Belarmino nyuma yangu.

Hakuna aliyegeuka. Mama Eufemia aliendelea na jina linalofuata kama mtu aliyezoea jibu hilo. Ndipo nikaelewa kwamba Belarmino alikuwa akiitika vivyo hivyo kila mwaka tangu baba afariki. Belarmino akamaliza kipande chake cha mfereji, akahamia cha baba, akainama tena. Nikaenda kuchimba kando yake. Yeye ndiye aliyeanza mazungumzo.

"Unashika koleo kama kalamu, binti Eliseo."

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini amekuwa akilinywesha shamba letu.

"Mimi nilikosana na baba yako," alisema. "Na mitufaha yake sikukosana." Akachimba kidogo. "Majani nimekata, sikufichi. Ng'ombe wangu wamenenepa kwa shamba lenu. Baba yako angeniita mwizi."

Nilimwambia kwamba jana usiku mimi pia nilimwita hivyo. Alicheka mpaka akaegemea koleo.

Mchana, tulipokuwa tunakula maharage na pilipili nyekundu kwenye ukingo, afisa alifika. Alitembea shambani, akagusa udongo, akatazama lango, akarudi. Aliuliza nani amekuwa akinywesha. Belarmino akanyoosha mkono. Afisa akamuuliza kama ana madai yoyote juu ya maji hayo.

"Maji ni ya Eliseo," alisema Belarmino. "Mimi nimeyafungulia mlango tu. Mama Eufemia ameniona, na hawa wote."

Wote wakaitikia kwa vichwa, midomo imejaa. Afisa akasema hilo linamtosha: ardhi imenyweshwa kwa maji yake yenyewe, na mkono ulioshika koleo haubadilishi mwenye haki. Madai ya kampuni hayatasimama. Mama Eufemia akampa sahani, akamwambia ale kabla kijana wa Sandoval hajamaliza sufuria.

Nilitaka kumshukuru Mzee Belarmino. Nilikuwa na maneno mengi mazuri, ya chuo kabisa. Nilichoweza ni kumjazia kikombe chake kahawa, nikamwongezea sukari nyingi kupita kiasi. Aliinywa yote.

Baada ya chakula huitwa majina tena, wasije wengine wakatoroka. Tulisimama na makoleo yetu.

"Eliseo Luján."

Nilimtazama Belarmino. Alikuwa anaangalia mawingu kama mtu asiyehusika, midomo imefumbwa.

"Yupo," nikasema.

"Sijasikia," alisema Mama Eufemia.

"Na mimi sijasikia," akasema Belarmino, "na masikio yangu ni mazima."

Nikavuta pumzi, nikaitika kwa sauti ambayo mama angeisikia Albuquerque. Watu wakacheka, mimi pia nikacheka, machozi yakinitoka. Belarmino akanisogezea nafasi mferejini kando yake, tukainama.