Mpwa wa Kocha Apelekwa Kliniki

Kocha aliipata habari ile kwa dada yake, na hilo peke yake lilimkera. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha watoto kuogelea katika bwawa la manispaa tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, lakini tangazo lilikuwa limeshazunguka kwenye simu za wazazi wote kabla halijamfikia.

"Kaka, hii kliniki ya kuogelea ndiyo kitu gani?" dada yake alimuuliza, bado yuko ndani ya sare yake ya unesi, akimpa simu asome tangazo. "Mimi kliniki ninayoijua ni ya kupima watoto uzito na kuwachoma sindano. Wangu anaumwa nini?"

"Haumwi kitu. Kuna bingwa mstaafu anakuja. Anawakusanya watoto wa klabu zote Jumamosi na Jumapili, anawafundisha mbinu, anapiga nao picha, anaondoka zake."

"Kwa hiyo ni jambo zuri."

"Sijasema zuri."

"Baya?"

"Baya pia sijasema."

"Haya. Mjomba ni wewe, kocha ni wewe. Mwenzio tangu asubuhi mtoto hanipi nafasi hata ya kumeza mate. Niamulie."

Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mahali pekee alipokaa kimya ni majini, na humo alikuwa moto wa kuotea mbali. Klabu nzima hapakuwa na wa kumfikia. Ila alikuwa na ila moja. Kila alipovuta pumzi alinyanyua kichwa kizima, kama mtu anayechungulia ua wa jirani, na kichwa kikipanda, kiuno kinazama. Kocha alikuwa amemweleza kwa upole, kwa ukali, kwa kuonyesha na kwa kubembeleza. Wapi!

Kocha alikuwa na sababu zake za kusita, na zilikuwa za kweli. Mashindano yalikuwa yanakaribia. Mgeni wa siku mbili anaweza kuuvuruga mwogeleo wa mtoto akaenda zake, na kuupanga upya ikabaki kazi ya nani? Lakini chini ya sababu hizo ilijificha nyingine ambayo hakumwambia mtu. Je, Chiriku akirudi kutoka huko akaanza kumtazama mjomba wake kama viatu vya mwaka jana?

Alilala nalo, akaamka nalo. Asubuhi akampigia dada yake simu. "Aende. Lakini na mimi naenda."

Jumamosi akaketi jukwaani, mikono ameikunja kifuani, akitafuta makosa. Aliyapata, tena bila jasho. Asubuhi nusu yake iliishia kwenye hotuba na kugawa fulana. Watoto walijazana majini hadi wakawa wanapigana mateke. Bingwa, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana na kicheko kikubwa, alipowafundisha namna mpya ya kuruka kuingia majini, Chiriku aliruka akatua kwa tumbo, paa! Kocha akahisi roho imemtulia kidogo. Kisha akaona haya kwamba imetulia.

Jumapili watoto walikuwa wachache zaidi, kila mmoja na zamu yake. Ilipofika ya Chiriku, Bingwa alimtazama akienda na kurudi, halafu akachuchumaa ukingoni.

"Ukiwa kitandani, huwa unanyanyua kichwa kwenye mto ndipo upumue?"

Chiriku akacheka. "Hapana!"

"Basi maji ndiyo mto wako. Shavu lilale hapo hapo."

Chiriku akajisukuma ukutani. Safari ya kwanza kichwa kikanyanyuka, mazoea yana taabu. Ya pili, kiuno kikapanda, mwili ukanyooka, na mtoto akateleza juu ya maji utadhani kuna anayemvuta kwa kamba. Kocha alijikuta amesimama, wala hakujua alisimama saa ngapi.

Chiriku alitoka majini mbio, akichuruzika. "Mjomba! Umeona? Kumbe ndicho kile ulichokuwa unaniambia siku zote!"

"Sasa nilipokuwa nakwambia, ulidhani nasema nini?"

"Nilidhani unagomba tu."

Kocha alitaka kukasirika, kicheko kikamuwahi. Alicheka mpaka mzazi wa kando yake akageuka kumwangalia.

Mchana ule alimfuata Bingwa, akamshukuru, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha lake, akamwuliza habari za ule mruko. Bingwa akajikuna kichwa. "Ule ni wa wenye miguu yenye nguvu. Niliwafundisha wote pamoja kwa sababu walikuwa wengi. Wako mwache na mruko wake wa zamani."

Jibu hilo likamfurahisha Kocha kuliko sifa yoyote.

Jioni, dada yake akimpakulia chakula, akamwuliza tena. "Haya, niambie. Ina faida au tulijisumbua bure?"

"Ina faida kwa mtoto aliyekwisha kujua kuogelea na ana jambo moja lililomgomea. Anayeanza abaki kwangu. Na isiwe karibu na mashindano kama safari hii, nilikuwa roho juu. Mara moja kwa mwaka inatosha."

"Na kocha je?"

"Kocha aende kila inapotokea," alisema, na dada yake akampigia vigelegele vya utani.

Siku ya mashindano Chiriku alishika nafasi ya pili. Aliyemshinda alikuwa msichana wa klabu nyingine, ambaye kule kliniki walikuwa wakiogelea naye mstari mmoja. Walikumbatiana juu ya kamba iliyotenganisha mistari yao majini, kisha wakaketi kwenye ngazi za bwawa, taulo moja mabegani mwa wawili, wakipiga soga kana kwamba hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Watu walianza kutawanyika. Dada yake Kocha akaja akitingisha funguo, tayari kumwita binti yake.

"Waache kidogo," Kocha akamwambia, akamsogezea kiti. "Hatuna haraka."