Mteremko wa Kutoka Subuiga

Jumamosi moja ya Februari 1979, saa mbili na nusu asubuhi, Isaac Ewoi alifungua boneti ya pikap ya mwajiri wake akakuta kikopo cha mafuta ya breki kimebaki na tone tu chini. Aliingia ndani akakanyaga pedali. Ilizama kuliko kawaida, halafu ikashika.

Walikuwa waondoke saa tatu. Pikipiki mbili zilikuwa zimeshafungwa nyuma ya ile Peugeot 404, zimesimama bega kwa bega kama ng'ombe kwenye lori. Ya Isaac ilikuwa CZ nyekundu, ambayo aliinunua ikiwa vipande ndani ya gunia kutoka kwa mhandisi wa visima aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Ya pili ilikuwa Yamaha ya Golicha, karani wa ofisi ya mifugo, ambaye baba yake aliuza mafahali ili kijana aipate. Isiolo nzima haikuwa na waendeshaji wengine wa motokrosi, mbio za pikipiki kwenye tope na matuta, na Jumapili hiyo kulikuwa na mashindano Nanyuki.

Isaac alivuka barabara mbio hadi duka la vipuri. Mwenye duka alitikisa kichwa. "Ya breki imeisha. Jaribu Meru."

Meru ilikuwa safari nyingine kabisa. Isaac alirudi, akasimama mbele ya boneti akiwa na jasho. Akimwambia mwajiri wake, Mzee Hezekiah, safari imevunjika, kwa sababu mzee huyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwenye sanduku lake la spana kulikuwa na chupa ya mafuta ya shoki za mbele za CZ, zile za kupunguza mtikisiko. Ilikuwa bado nusu.

Alijua kuwa hayafai. Fundi Kiugu, Mmeru aliyemfundisha kazi tangu akiwa na miaka kumi na saba, alimwambia zaidi ya mara moja: raba za breki zikinywa mafuta ya aina nyingine, zinavimba, zinalainika, halafu siku moja zinakuacha. Lakini hiyo siku moja, Isaac alijiambia, haiwezi kuwa kesho. Jumatatu atayatoa yote, asafishe, aweke yanayofaa. Akatazama huku na huku, akamimina, akafunga boneti.

"Iko sawa?" Hezekiah Kiragu aliuliza akitoka dukani na funguo mkononi.

"Iko sawa, Mzee."

Hezekiah alikuwa na duka la simenti, mabati na misumari karibu na soko. Alikuja Isiolo kutoka Nyeri akiwa kijana, na kitu pekee alichokifanya bila faida yoyote ni kubeba zile pikipiki. Alisema anakwenda Nanyuki kwa shughuli zake, lakini kila mtu alijua anapenda kusimama kando ya matuta na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Safari hii mkewe, Wamucii, alikwenda naye ili amwone dada yake. Wawili hao walikaa mbele. Isaac na Golicha walikaa nyuma, mmoja kila upande wa pikipiki zao.

Mashindano yalikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Golicha alimaliza wa pili. Isaac alianguka kwenye kona ya tope, akainuka, akafika wa tano. Jumapili saa tisa alasiri walifunga pikipiki tena na kuanza kurudi. Hadi Timau breki zilishika. Kufikia njia panda ya Subuiga, Isaac alikuwa ameacha kuziwaza.

Kutoka Subuiga barabara inaanza kuteremka, na hainyanyuki tena mpaka Isiolo. Baridi ya mlimani inabaki nyuma, mashamba ya ngano yanakwisha, miiba inaanza, na joto linakupanda usoni. Golicha alikuwa anasimulia jinsi alivyompita Mzungu mmoja kwenye mruko wa mwisho. Isaac alicheka, halafu akaacha kucheka.

Pikap ilikuwa imeingia kona kwa kasi ambayo Hezekiah hakuwahi kuitumia maishani.

"Mzee ana haraka leo," Golicha alisema.

Isaac alikuwa anasikiliza. Alisikia pedali ikigonga sakafu, mara moja, mara mbili, mara tatu, haraka haraka.

Kioo kidogo cha nyuma kilifunguka. Uso wa Wamucii ulitokea, kitambaa kimemteleza kichwani. "Isaac! Breki haiko! Anakanyaga, haiko!"

"Mwambie arudishe gia! Gia ya tatu!"

Walisikia klachi ikikanyagwa, kisha gia zikasaga kwa kelele iliyowafanya wote wawili wakaze meno. Hezekiah alikuwa ameitoa ya nne lakini ya tatu ikakataa kuingia. Injini ilitulia ghafla. Sasa gari lilikuwa halina gia wala breki, linaviringika tu kwa uzito wake, na upepo ulianza kuvuma masikioni.

"Hendibreki!" Golicha alipiga kelele.

"Waya wake umekatika tangu Krismasi," Isaac alisema. "Anaegesha na jiwe."

Lori la ng'ombe lilikuja kutoka chini likipanda taratibu. Hezekiah alipiga honi bila kuiachilia. Walipishana kwa nafasi ya kiganja, na Golicha akafunga macho akitamka jina la Mungu. Kila Hezekiah alipojaribu gia, chuma kilisaga chuma. Mwendo ulikuwa mkubwa mno.

Isaac alisimama ameshika paa. Kutoka hapo aliona barabara yote mbele ikinyooka kuelekea mji. Kilomita mbili hivi chini, kitu cheupe kilikuwa kimeifunika lami kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Alikaza macho. Walikuwa watu. Kanisa lilikuwa limetoka, na waumini walikuwa wanatembea kwa maandamano, akina mama na kanzu nyeupe, watoto mbele, ngoma katikati. Kwa ngoma zile hawangesikia honi mpaka dakika ya mwisho.

Alipogeuka, macho yake yalikutana na CZ.

"Golicha. Mnyororo wa kuvutia magari uko wapi?"

"Umeukalia. Wa nini?"

"Tunafunga pikipiki kwenye chasisi, tunaangusha. Ikiburutwa itatushika. Mwendo ukipungua, Mzee ataingiza gia."

Golicha alimtazama kama mtu aliyepandwa na wazimu. Halafu akatazama mbele, akaona zile kanzu. Hakuuliza tena. Alichomoa mnyororo, akalala kifudifudi, akaning'inia nje ya mlango wa nyuma huku Isaac akimshika miguu. Lami ilikuwa inapita chini ya uso wake. Alipitisha mnyororo kwenye chasisi, akaufunga kwa ndoano. Isaac alizungusha ncha ya pili kwenye fremu ya CZ, chini ya injini, akakata kwa kisu kamba zilizoishikilia.

"Mama!" alimwita Wamucii kupitia kioo. "Mwambie Mzee ashike usukani kwa nguvu! Tutavutwa! Tukivutwa tu, aingize ya pili!"

Waliibeba wakaitupa. Ilianguka kwa mlio mkali, ikaruka, mnyororo ukakazika, na pikap nzima ikatikisika kama imepigwa rungu. Golicha aligonga kichwa kwenye paa. Nyuma yao CZ ililala ubavu, ikirusha cheche, tangi limepasuka na petroli inachora mstari mrefu mweusi kwenye lami. Mwendo ulipungua. Ulipungua kidogo, lakini ulipungua.

Gia zikasaga. Hazikuingia.

"Bado!" Wamucii alilia. "Anasema bado!"

Ngoma sasa zilisikika. Isaac aliona mtoto mmoja mwenye kaptula ya kaki ametangulia wenzake, anatembea kinyumenyume akiwaongoza kwa mikono. Alianza kupiga paa kwa ngumi bila kujua anachofanya.

Alipogeuka, Golicha alikuwa amekwisha kufungua Yamaha yake. Damu ilikuwa inamtiririka kwenye nyusi. Alikuwa anaifunga kwenye chuma cha nyuma ya pikap kwa kamba nene ya manila, mafundo matatu, moja juu ya jingine.

"Golicha..."

"Shika tairi! Nisaidie, shika tairi!"

Yamaha ikaenda. Kamba ilikaza, ikalia kama itakatika, lakini ikashika. Mvuto wa pili uliwatupa wote wawili juu ya vyuma. Na mara hii, kutoka chini ya gari, Isaac alisikia sauti ambayo angeikumbuka kwa miaka mingi. Gia iliingia. Injini ilinguruma kwa kilio cha juu, pikap ikainama mbele, na mwendo ukaanza kukatika. Hezekiah alitafuta ya kwanza, akaipata, akapeleka tairi za kushoto kwenye changarawe za kando. Walitambaa, wakasota, wakasimama.

Kati yao na yule mtoto wa kaptula ya kaki kulikuwa na hatua arobaini. Mtoto alikuwa amegeuka sasa, amesimama mdomo wazi.

Wamucii alishuka, akaketi chini kando ya barabara, akavua viatu bila sababu yoyote. Hezekiah hakushuka. Mikono yake ilikataa kuachia usukani, na Isaac ilimbidi aibandue kidole kimoja kimoja.

Jioni hiyo habari ilikuwa imezunguka Isiolo yote. Vijana wa mtaa wa Wabera walimbeba Isaac mabegani. Mchungaji wa lile kanisa alimshika mkono mbele ya watu, akamwombea yeye na Golicha. Golicha, kichwa kimefungwa bendeji, aliwaambia wote waliosikiliza, "Ni akili ya huyu. Wallahi, mimi nisingefikiria." Isaac alitabasamu na hakula.

Jumatatu asubuhi alimkuta Hezekiah amesimama nje ya karakana ya Kiugu, nyuma yake watu kama ishirini, na askari mmoja wa polisi aliyekuwa amekuja kuandika ajali. Pikap ilikuwa imevutwa hadi hapo. Kiugu ndiye aliyekuwa amebadilisha raba za breki mwezi uliotangulia.

"Mke wangu alikuwa ndani," Hezekiah alikuwa anasema. Sauti haikuwa ya juu, na hiyo ndiyo ilitisha. "Uliniambia umeweka mpya. Uliweka nini, Kiugu? Uliniwekea za zamani?"

"Niliweka mpya, Mzee."

"Basi fungua hapa. Mbele ya afande. Wote waone."

Fundi mzee alipiga magoti, akatoa gurudumu, akafungua silinda. Raba ilitoka ikiwa laini, imevimba kama kidole kilicholala majini. Watu walinung'unika. Kiugu aliigeuza juu ya kiganja, akaisugua, akainusa. Halafu akainua macho taratibu, akayapitisha juu ya vichwa vya watu, akamtazama Isaac.

Kiugu alikuwa amejua. Isaac aliliona hilo wazi kama vile ameandikiwa. Alingoja fundi aseme. Kiugu hakusema. Aliirudisha raba kwenye kiganja chake na kuinamisha kichwa.

"Unanyamaza?" Hezekiah aliuliza. "Afande, umeona, ananyamaza."

Askari alifungua daftari. "Jina lako kamili, mzee."

"Ni mimi," Isaac alisema.

Hakuna aliyemsikia. Alirudia kwa sauti kubwa zaidi. "Ni mimi, Mzee. Jumamosi mafuta yalikuwa yameisha. Niliweka ya shoki za pikipiki. Fundi alinifundisha nisifanye hivyo. Nilijua."

Golicha alikuwa amesimama mbele pamoja na wengine. Aligusa bendeji yake, akamtazama Isaac kwa muda, kisha akapita katikati ya watu akaenda zake.

Hezekiah alisogea karibu. Isaac alidhani atapigwa, na angefurahi kupigwa.

"Nilikuuliza," mzee alisema. "Nilikuuliza, iko sawa? Ukaniambia nini?"

"Iko sawa."

Hezekiah alitikisa kichwa, akamgeukia Kiugu, akamwomba msamaha mbele ya wale wale watu. Kisha akaenda dukani kwake. Isaac hakufanya kazi hapo tena. Askari alikata alichokuwa ameandika, akasema kwa vile hakuna aliyeumia sana, wenyewe wamalizane.

Kiugu ndiye aliyemchukua. Hakumpa pole wala hakumgombeza. Alimwambia tu afike kesho saa moja, na kwa miezi mingi hakumruhusu kugusa breki ya gari lolote.

Wamucii hakupanda tena ile pikap. Alisafiri kwa basi mpaka ilipouzwa.

Isaac aliuza injini ya CZ, kitu pekee kilichosalia kizima, na kwa pesa hizo akapata fremu na tangi la Yamaha kutoka Nairobi. Kila jioni baada ya kazi alikuwa akiinyoosha ile Yamaha ya Golicha nyuma ya karakana. Ilimchukua mwaka mzima kasoro kidogo. Muda huo wote Golicha alipita barabarani bila kumsalimu.

Siku aliyoimaliza aliisukuma akitembea hadi ofisi ya mifugo, akaisimamisha chini ya dirisha, akangoja. Golicha alitoka. Aliizunguka mara mbili. Akapanda, akapiga kiki, ikawaka, akaondoka nayo kuelekea barabara ya Kinna mpaka vumbi likammeza.

Isaac alisimama pale juani. Hakujua kama arudi kazini au angoje. Mlio ulipotea, kisha baada ya muda mrefu ukarudi.

Golicha alizima injini lakini hakushuka. "Kabureta inakohoa," alisema.

"Kwenye gia ya juu?"

"Ya tatu na ya nne."

"Niletee Jumamosi."

Golicha aliangalia pembeni, akafikiri. "Saa ngapi?" akauliza.