Mkaza Mwana Ndani ya Lori

Mwaka wa sabini na tatu, Thadeus, fundi wa magari pale Kebirigo, alisomea wiki tatu mjini Kisii jinsi ya kuwatoa watu waliokwama kwenye magari yaliyoanguka. Walijifunzia nyuma ya gereji, kwenye lori bovu, na mwalimu wao Manasseh hakuwa na mchezo. "Usivute mtu!" alifoka kutwa. "Ondoa chuma kwanza! Na shingo ishikwe na anayejua!" Thadeus akawa wa kwanza darasani. Akarudi kwao kifua mbele, na nani angemlaumu?

Hata mwezi haukuisha, lori la majani chai likapinduka mteremkoni, chini ya soko. Thadeus alifika mbio na mtaimbo wake, akaagiza magogo, akaliegemeza lori lisiserereke. Kazi safi kabisa. Kisha akachungulia ndani.

Lo! Alikuwa Kemuma, mke wa mwanawe Jethro. Dashibodi ilikuwa imembana miguu, na nguo imechanika hadi kiunoni.

Sasa jueni, sisi Wagusii tuna chinsoni: baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hata mkono hampi, sembuse kumwona uchi. Thadeus aligeuka upesi akatazama barabara.

"Walter, ingia wewe," alimwambia muuza ndizi aliyekuwa karibu. "Nitakuelekeza."

"Tata, baba yangu, njoo wewe," Kemuma aliita kutoka mle ndani. "Wewe ndiye uliyesomea. Njoo tu, mimi nimekuruhusu."

Hakwenda. Mtu mzima, fundi hodari, alisimama amewapa mgongo akipiga kelele: "Shika shingo, Walter! Usivute! Chukua mtaimbo!" Lakini mafuta yalinuka, watu walipiga mayowe, na Walter maskini hakuwahi kufundishwa lolote. Alimkamata Kemuma kwapani, akavuta kwa nguvu zake zote. Kemuma alilia mara moja, akanyamaza. Hakufika hospitali.

Kwenye matanga wazee walimsifu Thadeus. Eti alilinda heshima hata siku ile, mwingine angejisahau! Aliwasikiliza ameinamisha kichwa, na kila neno lilimchoma. Ndipo Jethro alipomjia, macho mekundu.

"Tata, Walter anasema mke wangu alikuita."

"Aliniita."

"Na ulijua cha kufanya?"

"Nilijua, mwanangu," Thadeus alisema. "Nilijua kila kitu."